Mguu Niliokataa Kuushika

Jumapili, tarehe tisa Novemba. Toka alfajiri wingu jeusi lilikaa upande wa Ushirombo bila kusogea. Saa sita upepo ukaja na vumbi lake, ukapiga mabati, tukakimbilia kuanua nguo, halafu yakadondoka matone machache na jua likarudi kama hakuna kilichotokea. Hapa Nyahanga majirani wengi wameshapanda mahindi kwa kuamini mvua ya wiki iliyopita. Mimi bado sijapanda. Sijui kama ni busara au ni uvivu.

Nimestaafu mwezi wa pili sasa. Nesi Rehema, ambaye kwa sasa ndiye mkubwa wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, aliniambia siku ya kuagana: "Mzee, ukikaa bure nyumbani utaanza kugombana na kuku. Chukua daftari utuandikie mambo ya mifupa. Hawa wapya wamekuta meza ya kuvutia na mashine ya picha, hawajui tulikotoka." Nikamwambia elimu yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilimaliza kwa kusukumwa. Akasema, "Andika kama unavyoongea." Basi naandika kama ninavyoongea. Nikikosea jina la chombo, nesi atasahihisha.

Hospitali niliingia kama mfyeka majani. Nilikuwa nje na kwanja miezi mingi, nikiwaona watu wa thieta wakipita na nguo zao za kijani nikidhani ni sare ya kwaya. Siku moja mhudumu wa ndani akaugua, akatafutwa mtu yeyote mwenye mikono miwili, nikaitwa mimi. Sista Leokadia, mtawa aliyekuwa anaiendesha thieta wakati ule, alinivua viatu mlangoni, akanipa makubazi ya plastiki, akaniambia neno moja tu: "Cha kijani usiguse."

Kabla saa moja haijaisha nilikigusa. Nilikuwa napisha machela, kiwiko kikapita juu ya kitambaa cha kijani cha meza ya vyombo. Nilidhani hakuna aliyeona. Sista hakunigombeza. Aliifunga ile meza yote, mikasi, koleo, kila kitu, akaitoa nje ikachemshwe upya. Mgonjwa yupo juu ya meza, daktari amesimama ameinua mikono. Sista akanigeukia akasema, "Umeona ni watu wangapi wanasubiri kiwiko chako?"

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Kuosha damu kwa maji ya baridi kabla ya maji ya moto, kwa sababu ya moto yanaigandisha kwenye meno ya chombo. Kufunga vyombo kwa kitambaa mara mbili. Kutoamini utepe wa kwenye kifurushi uliobadilika rangi mpaka uwe umesikia mwenyewe mtambo wa kuchemshia vyombo ukitoa mvuke. Alinifundisha pia kunyamaza, na hilo nililijifunza vizuri kupita kiasi.

Wakati ule mzee akivunjika nyonga tulikuwa hatuna la kufanya ila kumlaza. Unafunga bandeji mguuni, unafunga kamba, unaning'iniza mfuko wa mchanga kwenye ncha ya kitanda, unasubiri. Wiki sita, wiki nane, miezi mitatu. Kijana anavumilia. Mzee havumilii. Mgongo unatoka vidonda, mapafu yanajaa, chakula anakikataa, siku moja unakuta kitanda kimetandikwa. Namkumbuka mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa maghala kule Isaka, aliteleza kwenye ngazi ya lori. Alikuwa ananiuliza kila asubuhi, "Mwanangu, huo mfuko umeushusha lini mara ya mwisho?" Aliamini tunaupandisha anapolala ili akae zaidi. Hakutoka.

Wengine walikuwa wanapitia kwanza kwa mafundi wa mifupa wa kienyeji. Madaktari wengi walikuwa wakiwasema vibaya. Mimi nimeona mikono iliyofungwa na wale wazee kwa vijiti na kamba ikapona imenyooka kuliko ya kwetu, na lazima niseme hivyo. Nyonga ndiyo ilikuwa inawashinda. Lakini wakati ule hata sisi ilikuwa inatushinda, kwa hiyo sioni tulikuwa tunamcheka nani.

Halafu akaja Daktari. Nitamwita hivyo hivyo tu, Daktari. Mtu wa Kilimanjaro, mwembamba, asiyependa kukaa chini. Alikuja na sanduku la chuma lenye misumari. Nasema misumari lakini si ya seremala. Ni fimbo ya chuma inayozamishwa ndani ya mfupa wa paja kuanzia juu, yenye matundu. Kwenye tundu la juu inapita skrubu nene kwenda kwenye kichwa cha nyonga, na chini zinapita skrubu nyembamba za kuizuia isizunguke. Vyombo vya kuzamishia vilikuwa nyundo, keekee ya kuzungusha kwa mkono, na fremu ya kulengea matundu. Mashine ya kuonyesha mfupa papo hapo hatukuwa nayo. Tulikuwa tunapiga picha moja ya eksirei, mtu anakimbia nayo chumba cha giza, anarudi nayo inachuruzika maji, Daktari anaitazama kwenye taa, anaendelea.

Na meza ya kuvutia mguu hatukuwa nayo pia. Kwa hiyo alihitajika mtu wa kuvuta. Mfupa ukivunjika pale, nyama za paja zinaupandisha juu na mguu unageukia nje. Lazima mtu ashike unyayo, avute, ausawazishe, na aushikilie hivyo hivyo mpaka msumari uingie na skrubu zikaze. Saa nzima. Saa nyingine na nusu.

Daktari alituangalia wahudumu wote mlangoni akaniuliza mimi: "Wewe, umewahi kulima kwa jembe la ng'ombe?"

"Nimelima sana."

"Ng'ombe wakiyumba unafanyaje?"

"Siwavuti kwa nguvu, Daktari. Naegemea mpaka warudi kwenye mstari."

"Njoo uegemee hapa."

Ndiyo nikawa mvuta mguu. Nitaandika nilivyofundishwa, kwa sababu meza za umeme zinaharibika na siku hiyo mtahitaji mtu. Mguu una uso wake, na uso wake ni goti. Goti linapaswa kutazama taa. Likitazama ukuta, mtu atapona na mguu wake utatazama ukuta maisha yake yote. Picha ya eksirei haitakwambia hilo. Picha itakuonyesha msumari upo katikati na wote mtafurahi, kumbe goti limelala pembeni chini ya kitambaa. Kwa hiyo kabla ya kufunika nguo, uangalie kwanza ule mguu mzima, usiovunjika, ulivyokaa, maana kila mtu kazaliwa na wake. Uushike ule mzima, uuzungushe taratibu, ukumbuke kwa mikono. Ndipo ushike uliovunjika.

Nilivuta wengi. Yupo mzee wa Nyarugusu aliyekuwa amechimba dhahabu ujana wake wote bila kuvunjika hata kidole, akaja kuvunjika nyonga kwa kujikwaa kwenye mlango wa bafu lake mwenyewe. Baada ya upasuaji Daktari alimwonyesha picha, msumari unang'aa katikati ya mfupa. Mzee akaitazama sana, akasema, "Kumbe mmechimba duara ndani ya paja langu. Sasa mawe mmekutana nayo au mmetoka mikono mitupu?" Duara kwa wachimbaji ni shimo la mgodi, na mawe ndiyo yenye dhahabu. Wodi nzima ilicheka, mpaka mwenye bomba la kifua. Siku ya pili tulimsimamisha na fremu ya kutembelea. Siku ya kumi alikwenda nyumbani anatembea. Nilipomwona anatoka getini nilikumbuka yule mlinzi wa Isaka, na nakiri nilijiona mtu.

Hapo ndipo lilipoanzia kosa langu, nadhani. Nilipenda kuitwa. "Mwiteni Baba Limi, kuna nyonga." Limi ni binti yangu wa kwanza, na hospitali nzima ilinijua kwa jina hilo. Hata nikiwa likizo nilikuwa naitwa, naenda. Alikuwepo mwenzangu, Deo, mtu mzima, baba wa watoto wawili, mwenye mikono mizuri. Aliniomba mara kadhaa, "Mzee, leo niachie nyonga hii, wewe simama nyuma yangu." Nikawa namwambia, "Anza na miundi kwanza," yaani mifupa ya chini ya goti. Akavuta miundi miaka minne. Nyonga hajavuta hata moja. Nilijiambia nawalinda wagonjwa. Labda nilikuwa nawalinda kweli. Sina hakika.

Sasa nafika kwenye ukurasa ambao nimeuchana mara mbili.

Miaka saba iliyopita mama mkwe wangu, ambaye jina lake sitaliandika kwa sababu sijawahi kulitamka, aliteleza kwenye zizi la ng'ombe kijijini kwake, upande wa Bukombe, akiwa na ndoo kichwani. Alikuwa mjane. Aliishi peke yake na mbuzi wake na shamba la mihogo na karanga, na ukimwambia ahamie kwa mtoto wake yeyote alikuwa anakuuliza kama umechoka kumheshimu. Walimleta siku ya tatu, amelazwa kwenye godoro nyuma ya pikapu. Mguu wa kulia ulikuwa mfupi na unyayo umelalia nje. Sikuhitaji picha.

Kwa wageni wa huku nieleze. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kuepukana. Hampeani mkono. Hamketi kitanda kimoja, hamli pamoja. Ukikutana naye njiani unapisha, unainamisha macho, unasalimia kwa mbali. Kuuona mwili wake, hata goti, ni aibu ambayo wazee wanaitishia kikao. Najua mjini siku hizi watu wanakumbatiana na wakwe zao kwenye harusi na kupiga picha. Mimi sikulelewa hivyo, na yeye hakulelewa hivyo.

Nilimfuata Daktari ofisini.

"Daktari, kesho mimi sivuti."

"Unaumwa?"

"Ni mama mkwe wangu yule."

Alielewa haraka. Alijikuna kichwa. "Hata kwetu mkwe ni mkwe. Lakini atafunikwa mwili wote, Baba Limi. Wewe utauona unyayo."

"Na unyayo ni wake."

"Deo anaweza?"

Nikasema anaweza.

Daktari angeweza kuahirisha akaomba mtu kutoka Shinyanga mjini. Lakini mgonjwa alikuwa anaingia siku ya nne kitandani, kifua kimeanza kukoroma, na kungoja nako kunaua. Kwa haki yake nasema aliamua vizuri kwa watu aliokuwa nao na kwa neno nililompa. Neno ndilo lilikuwa bovu.

Jioni ile nilimfundisha Deo. Nilipanda mwenyewe mezani, nikalala, akashika mguu wangu. Robo saa. Kitu ambacho mimi nilikijua kwa kuvuta wagonjwa miaka na miaka, nilimpa mwenzangu kwa robo saa. Sikumbuki kama nilimwambia aushike kwanza mguu mzima. Deo mwenyewe anasema nilimwambia. Nadhani anasema hivyo kwa kunihurumia.

Mke wangu, Mama Limi, aliniuliza asubuhi, "Utakuwepo ndani?" Nikamjibu nitakuwepo. Alishukuru Mungu kwa sauti. Alidhani mama yake anakwenda kushikwa na mikono anayoijua.

Nilikuwepo. Nilikuwa chumba cha kuoshea vyombo, mlango uko wazi, nimewapa mgongo. Mama mkwe alichomwa sindano ya mgongoni, ile inayotia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini na kumwacha mtu macho. Waliweka pazia la kitambaa mbele ya uso wake. Nilimsikia anapumua kwa nguvu, nikajiambia kalala. Nikasikia Daktari anasema vuta, Deo anaegemea, meza inalia.

Halafu Deo akaita: "Mzee! Goti nalihisi kama limeegemea nje. Au ni kitambaa? Njoo ututupie jicho."

Nikamjibu bila kugeuka: "Deo, wewe ndiye uliyeshika."

Daktari akasema, "Baba Limi. Hatua tatu tu."

Nilikuwa na mkasi mkononi, chini ya bomba. Nikaendelea kuuosha. Ulikuwa umeshatakata.

Ilipita kama dakika moja. Kisha Daktari akasema, "Haya, Deo, shikilia hapo hapo," na nikasikia keekee inaanza.

Picha ilirudi nzuri kabisa. Msumari katikati, skrubu mahali pake. Watu wakapongezana. Mimi nikapanga vyombo.

Wiki ya pili alipoanza kusimama na fremu ndipo tukaona. Goti linatazama ukuta. Vidole vya mguu wa kulia vinaelekea nje, na kila hatua anaichota kwa kiuno kama mtu anayeruka mfereji. Daktari alikuja wodini, akasimama mbele ya kitanda mbele ya ndugu wote, akasema, "Mimi ndiye niliyepiga msumari. Kosa ni langu. Tunaweza kurudia." Presha ya mgonjwa ilikuwa imepanda, damu imepungua. Wana wa kiume wakakaa kikao, wakasema inatosha. Deo naye akaja, hakuna aliyemwita, akasema, "Aliyevuta ni mimi, mama, nisamehe," na machozi yakamtoka.

Wote wawili walijitaja. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kona ya wodi nimeshika chati.

Mama Limi aliniuliza tukiwa nyumbani, "Kumbe alivuta Deo! Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ndani. Naosha vyombo. Unajua siwezi kumshika mama."

"Hilo najua. Lakini si ungemwelekeza?"

"Nilimfundisha."

Kila neno lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Mama mkwe hakuweza kurudi kwake. Kijiji kile ni cha mawe na makorongo, na mguu ule hauwezi korongo. Mbuzi waligawanywa kwa wanawe, shamba akapewa shemeji yangu mdogo, na yeye akaja kuishi kwetu Nyahanga. Nilimjengea chumba chenye mlango wake wa nje ili tusipishane ukumbini. Watu walinisifu kwa kile chumba. "Baba Limi ni mkwe wa kuigwa." Nilikuwa naitikia asante.

Na Deo akawa mtu wa kusemwa nyumbani kwangu. Mama Limi si mtu mbaya, ni mtoto wa mama yake. Kila mvua ikinyesha na ule mguu ukiuma alikuwa anasema, "Yule Deo alijifunzia kwa mama yangu." Kanisani Deo akimpa shikamoo alikuwa anatengeneza kilemba chake. Kwenye msiba wa jirani alikataa uji aliopakuliwa na mke wa Deo. Miaka saba. Mimi nilikuwa nakaa na mke wangu benchi moja na sisemi kitu. Deo naye hakuwahi kumwambia mtu kwamba aliniita. Niliwahi kumuuliza kwa nini. Akasema, "Mzee, ungeona uso wako siku ile usingeniuliza."

Baada ya pale nilimpa Deo nyonga zote. Nilisimama nyuma yake kama alivyokuwa ameomba toka mwanzo. Akawa mzuri kuliko mimi. Baadaye ikaja ile mashine ya picha ya ndani, ikaja na meza ya kuvutia yenye viatu vya chuma vya kufungia miguu. Meza haichoki, wala haina mkwe. Lakini nawasihi ninyi wapya, hata ikiwa inavuta yenyewe, mtu mmoja ainue kitambaa aangalie goti. Na kama mgonjwa ni mtu ambaye mila inakuzuia kumgusa, sema mapema, siku mbili kabla, na uhakikishe mwenzako ameshaijua kazi miaka mingi kabla ya siku hiyo. Mkikataa kumgusa kwa adabu nitawaelewa. Ila usiifundishe kazi mikono yako peke yake, fundisha na ya mwenzako.

Hayo yote, ukiacha ya wingu la leo pale mwanzo, niliyaandika wiki iliyopita nikitaka kumpelekea Nesi Rehema. Nikayasoma. Nikaona nakwenda kuwaambia wageni jambo ambalo wenye mguu hawajaambiwa.

Leo asubuhi tukitoka misani Deo alisimama mlangoni, akasema, "Shikamoo, Mama Limi." Mke wangu akaangalia kikapu cha sadaka. Deo akacheka kidogo, kama mtu aliyezoea, akanipa mimi mkono. Nilirudi nyumbani sijui nilipita njia gani.

Baada ya yale matone ya mvua nilichukua kigoda nikaenda kukaa nje ya mlango wa mama mkwe, pembeni, mahali ambapo hatuonani. Mama Limi alikuwa hapo hapo kibarazani anapepeta mchele.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kwa lugha ya nyumbani, ingawa ilikuwa mchana na hiyo ni salamu ya asubuhi. Nilikuwa nimechanganyikiwa.

"Asubuhi imekukuta saa nane leo, mkwe wangu," akajibu kutoka ndani. Alikuwa anaongea Kisukuma. Naandika kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

Nikasema, "Mama, siku ile ya mguu wako, Deo aliniita niangalie. Alihisi goti halijakaa. Daktari naye aliniita. Nilikuwa hatua tatu. Sikwenda."

Ungo wa Mama Limi ulisimama.

Mama mkwe akajibu kutoka ndani: "Nilisikia."

"Ulisikia?"

"Sindano walinichoma mgongoni. Masikioni hawakunichoma." Nilisikia fimbo yake inagonga sakafu, akawa anajisogeza kitandani. "Nilisikia unaitwa, nikasikia maji ya bomba. Nikasema moyoni, mwanangu kapata mume mwenye heshima. Nikafurahi, mkwe wangu. Nimelala pale natobolewa mfupa, huku nafurahi."



"Nilipoanza kutembea hivi ndipo nikakukasirikia," akaendelea. "Asubuhi nakukasirikia. Jioni nasema, ningekuwa yeye ningefanya vile vile. Ungekuja ukanishika, labda leo ningekuwa kwangu na mbuzi wangu, nawasimulia majirani jinsi mkwe wangu alivyokosa adabu. Sasa nifanyeje? Nimechoka kuchagua."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Usiniharakishe."

Mama Limi akasema taratibu, bila kunitazama, "Miaka saba."

"Ndiyo."

"Miaka saba nampita yule mtu kama napita jalala. Na wewe umekaa pembeni yangu."

"Ndiyo."

"Ndiyo, ndiyo! Huna neno jingine?"

Mama yake akasema kutoka ndani, "Hata mimi nilikuwa nakusikia unamsema, nikanyamaza. Hilo tugawane, usimpe mwenzako lote."

"Wewe mama, hebu nyamaza kwanza!" Nilikuwa sijawahi kumsikia akimjibu mama yake hivyo. Alimimina mchele kwenye ndoo, akajifunga kanga ya pili mabegani, akatoka getini. Nyumba ya Deo ni mtaa wa tatu, unapita kisima. Nilisimama nimfuate. Mama mkwe akaniambia, "Kaa. Huko si kwako leo." Nikakaa. Tukakaa hivyo, yeye ndani mimi nje, mpaka kuku wakaanza kuingia bandani.

Alirudi jua linazama. Macho yalikuwa mekundu. Hakunieleza kilichosemwa na sikuuliza. Aliniambia jambo moja tu akipita kwenda jikoni: "Deo anasema hilo daftari umpelekee kwanza yeye asome." Nitampelekea kesho. Akiona nimejipendelea mahali, afute.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, ameyaunga na karanga. Mama Limi alipakua sahani ya mama yake akaipeleka chumbani, akabaki huko huko akala naye. Yangu niliikuta mezani imefunikwa, na maji ya kunawa pembeni.